Jina Asilolitamka Tusekile

Neno lenyewe ni moja, nalo limeandikwa kwa wino wa buluu katika kitabu cha baraza la mji mdogo wa mlimani. Neno ni "Hajui". Karani aliliandika mara mbili, katika vikao viwili, mbele ya mwanamke aliyekuwa akijua. Nilikuwapo mara zote mbili. Nilimwona akilikandamiza kwa karatasi ya kukaushia wino, taratibu, kama mtu anayejivunia kazi yake. Tangu hapo nimepita miji mingi na nimetukanwa kwa lugha zaidi ya tano, lakini hakuna neno lililonikaa kooni kama lile.

Mwanamke anaitwa Tusekile. Mwaka ule wa 1956 alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, Mnyakyusa wa Rungwe aliyeishi Igowole, huku Mufindi, katikati ya Wahehe na Wabena. Igowole nilifika juu ya lori la chai lililokuwa likirudi tupu, nikakuta maduka mawili, kanisa, soko la siku moja kwa juma, na baridi inayopenya blanketi mbili. Watu wa mijini hupenda kusema kwamba vimji kama hivi vimelala. Wangeamka saa kumi na moja asubuhi wakaona ni nani aliyelala. Tusekile saa hiyo alikuwa ameshachota maji mara mbili, na siku za soko alikuwa ameshabandika sufuria ya chai na nyingine ya viazi mviringo, kwa ajili ya wachuuzi wanaoshuka na mizigo.

Siku yangu ya kwanza nilichelewa kufika kwake. Sufuria ilikuwa imepinduliwa juu chini.

"Chai imekauka," akaniambia.

Sufuria ilikuwa bado inachuruzika maji. Mimi, kwa ile tabia mbaya ya watu tunaojua lugha nyingi, nikamsahihisha. "Si imekauka, mama. Sema imekwisha."

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyevunja kitu ndani ya nyumba yake. Aliyejibu ni jirani yake Rozalia, Mhehe, ambaye nilikuwa nimepanga chumba kwake na ambaye hajapata kuona ukimya akauacha ulivyo.

"Bwana mgeni, hiyo maneno yeye hasemi. Mwaka wa kumi hapa, hajasema. Ugali imekauka, sabuni imekauka, hata misa ya Padri, imekauka!" Akacheka peke yake. "Ni jina la baba mkwe wake. Wanasema inafanana, jina yenyewe mimi sijui."

Nikaelewa baadaye, na nilipoelewa niliona haya. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Akisikia anakuja, huiacha njia na kuingia majanini. Na jina lake halitamki, awe hai au amekufa, wala halitamki neno linalokaribiana na jina hilo. Sasa, jina la baba mkwe wa Tusekile nitaliandika mimi, kwa kuwa hakuwa mkwe wangu: Isakwisa. Na Mnyakyusa akisema "kwisha" kwa ulimi wa nyumbani, hutoka "kwisa". Basi mwanamke huyu alikuwa ameling'oa neno zima katika Kiswahili, neno ambalo sisi wengine hulitema mara hamsini kwa siku, ili asimguse mzee hata kwa bahati mbaya. Nami nilimsahihisha.

Mzee mwenyewe alikuja Mufindi zamani kuvunja mawe ya barabara. Igowole walimwita Mzee Kokoto, na wengi hawakupata kulijua jina lake lingine. Jumbe wa wakati ule alimpa ekari tatu za vichaka juu ya bonde, akaandika katika kitabu chake: Isakwisa, Mnyakyusa. Mzee akang'oa visiki kwa mikono yake mpaka pakawa shamba. Mwanawe Lwitiko akamwoa Tusekile, wakajenga upande wa pili wa miti ya miwati, na pakawa na njia mbili za kwenda kisimani, ya mzee na ya mkamwana, ili wasikutane. Lwitiko akafa kwa kifua mwaka 1952. Mzee, magoti yakiwa yameshindwa na baridi, akaamua kurudi Rungwe, na kabla ya kuondoka akampa mkamwana shamba. Kwa kuwa hawakuweza kusema ana kwa ana, Rozalia aliitwa asimame katikati.

"Mzee yuko huku, amegeuza mgongo," Rozalia alinisimulia. "Huyu amejificha nyuma ya kihenge. Hatua tano! Mimi katikati kama kinu. Mzee anasema: 'Mwambie mke wa mwanangu, shamba ni lake na wanawe.' Nasema: 'Shamba ni lako na wanao.' Amesikia, ana masikio! Huyu anasema: 'Mwambie nashukuru.' Nasema: 'Anashukuru.' Nikawauliza, 'Nyie watu, mnanipa nini kwa hii kazi ya simu?' Mzee akacheka mpaka akakohoa."

Hivyo ndivyo shamba lilivyotolewa. Bila karatasi, ila kwa adabu ambayo sijaiona katika ofisi yoyote.

Mzee alifariki Rungwe mwaka 1955. Mwaka uliofuata, wakati pareto imepanda bei na kila mwenye suruali yenye pasi anatafuta ekari za mlimani, akatokea Asukile, mwanawe mdogo, fundi wa gereji moja Mbeya. Alikuja na baiskeli, viatu, na mkewe Lea, naye akaenda moja kwa moja barazani. Alitaka shamba lote.

Kikao cha kwanza kilikuwa juma la pili la Novemba. Hakimu, mzee mzito wa huku huku juu, aliamuru kwanza kwamba mtu yeyote asitie jembe shambani mpaka kesi imalizike. Kisha akamwita Asukile. Asukile hakusema mengi, na hapo ndipo akili yake mbaya ilipokuwa.

"Lwitiko hakuwa ndugu yangu," alisema. "Alikuwa mpagazi, baba alimpa mahali pa kulala. Mwanamke huyu mimi simjui. Kama kweli ni mkamwana wa nyumba yetu, ataje jina la baba mkwe wake. Sitaki ushahidi mwingine. Jina tu."

Alilisema hilo huku akitazama viatu vyake. Alijua. Amezaliwa Rungwe, amemwona mama yake akiruka maneno, amemwona mkewe mwenyewe akiyaruka. Alijua kwamba mwanamke wa barabarani angelitaja jina lile bila kigugumizi, na kwamba anayeshindwa kulitaja ni mkamwana wa kweli peke yake. Aliichukua heshima ya mwanamke kwa baba yake, baba yake yeye, akaisokota kamba, akamwekea shingoni.

Karani alikuwa kijana aliyeitwa Matano, mzaliwa wa Iringa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na alipenda kijulikane kuwa kizuri.

"Bibi," alisema, "baba mkwe wako anaitwa nani?"

"Ni baba wa Lwitiko."

"Hilo si jina. Nakuuliza jina lake."

"Ndiye aliyeng'oa visiki pale. Watu wote wanamjua."

"Bibi, hapa si sokoni. Jina."

Tusekile akatazama ukuta. Mikono yake ilikuwa imeshika upindo wa kitenge, na vidole vilikuwa vikiuzungusha, vikiuzungusha.

"Mdomo wangu hauna ruhusa," akasema.

"Hauna ruhusa! Kwani umefungwa na polisi?"

Watu wakacheka. Matano akatabasamu, akachovya kalamu. "Unajua au hujui?"

Tusekile akaendelea kutazama ukuta. Akaandika: Hajui.

Rozalia akasimama bila kuitwa. "Jamani, kwao ni mwiko! Mnamuuliza kitu ambayo hawezi! Mimi nasema, ni Mzee Kokoto. Nilisimama pale wakati anatoa."

Hakimu akafunua kitabu cha jumbe. "Humu hamna Kokoto."

"Kokoto alikuwa kibarua mwingine," akasema Asukile upesi. "Alikwenda zake. Na huo mwiko ni wa wapagani, mzee. Huyu amebatizwa, anaimba kanisani Jumapili. Au anaimba kwa mdomo mwingine?"

Wakacheka tena. Tusekile ndipo alipogeuka, mara moja tu. "Yesu hakuniambia nimdharau aliyenilisha," alisema. "Wewe alikuambia lini?"

"Kesi imeahirishwa," akasema hakimu.

Hakimu yule nilimchukia kuliko karani. Karani hakujua, na hakutaka kujua, nao huo ni ugonjwa wa ujana na wa kalamu. Lakini hakimu alikuwa na wakwe. Nilimwona kwa macho yangu, siku ya soko, akikwepa nyuma ya duka la chumvi kwa sababu mama mkwe wake anapita na kapu. Mtu mzima, ameinama nyuma ya magunia kama mwizi, akingoja kikongwe apite! Alijua vizuri kabisa adabu ni nini. Ila alipokaa juu ya kiti kile, na mbele yake kikawapo kitabu chenye safu zilizochorwa huko bomani, adabu ilikuwa kitu cha wengine. Safu ilisema "Jina". Heshima haikuwa na safu yake.

Siku ya nne baada ya kikao, mvua ilinyesha. Wenye kujua nchi hii hawahitaji kuelezwa. Kule juu mahindi hukua polepole, na mvua ya kwanza ndiyo inayoamua kama watoto watakula mwezi wa saba. Bonde zima lilijaa migongo iliyoinama. Kila asubuhi Tusekile alikwenda mpaka ukingoni mwa shamba lake, akasimama na jembe begani, akalitazama. Hakuvuka. Juma la pili mahindi ya Rozalia yalikuwa yametoboa ardhi, na shamba la Tusekile lilikuwa jeusi na tupu, limelowa, likipoteza maji bure.

"Si uvuke tu?" nilimuuliza.

"Nikivuka watasema nimevunja amri. Asukile ananingoja nivuke. Unafikiri anakaa pale dukani kwa sababu ya soda?"

Kikao cha pili kilikuwa kama cha kwanza, ila kifupi zaidi. Swali lile lile, ukuta ule ule. Safari hii mimi nilisimama, nikaanza kueleza kwamba kwa Wanyakyusa ukimya ule ndio ushahidi wenyewe. Hakimu akainua mkono.

"Bwana mgeni. Una shamba hapa?"

"Sina."

"Basi kaa."

Nikakaa. Matano akaandika "Hajui" kwa mara ya pili.

Njiani kurudi tulitembea kwenye matope, wanawake wawili mbele, mimi nyuma. Nilijaribu kusema pole. Tusekile alisimama katikati ya njia.

"Wewe unajua lugha ngapi?"

"Saba," nikasema. "Nane, nikihesabu ya—"

"Saba! Na mtu mmoja amekuambia 'kaa' kwa lugha moja tu, ukakaa kama gunia. Usinipe pole. Pole ninayo nyumbani, imejaa debe."

Rozalia hakucheka, na kwa Rozalia hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kikao cha tatu kilikuwa siku kumi kabla ya Krismasi. Baraza lilijaa mpaka madirishani, maana habari ilikuwa imeenea na watu wana hamu ya kuona mwenzao akinyang'anywa. Lea, mke wa Asukile, alikuwa amekaa chini karibu na mlango pamoja na wanawake, kama alivyokaa vikao vyote, amejifunika kanga mpaka kidevuni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwa Tusekile, na katika majuma yale matano sikupata kusikia sauti yake.

Hakimu akasema kwamba atatoa hukumu, na kama mwanamke ana neno la mwisho aliseme.

Tusekile akasimama. Hakutazama ukuta safari hii.

"Nina swali, si neno. Yule aliyekaa mlangoni, ni nani?"

Watu wakageuka.

"Ni mke wangu," akasema Asukile. "Ana shughuli gani hapa?"

"Mke wako wa halali?"

"Nimetoa ng'ombe sita! Umati mzima wa Rungwe unajua."

"Basi karani," akasema Tusekile, "mwite. Muulize swali langu. Muulize kama ulivyoniuliza, na kuhusu polisi pia."

Nadhani hakimu ndiye wa kwanza kuona mahali jambo lile linapokwenda, na kwa kuwa mlango na madirisha yalikuwa yamejaa watu, hakuweza kulirudisha. Akainamisha kichwa kukubali. Matano akaita.

Lea akaja mbele akiburuza miguu.

"Bibi, huyu ni mume wako?"

"Ndiyo."

"Baba yake mzazi anaitwa nani?"

Lea akainama. Alivuta kanga juu ya kichwa, ikafunika uso wote. Tulingoja. Kalamu ya Matano ilikuwa hewani, na tone la wino likadondoka kwenye ukurasa.

"Bibi, nimekuuliza. Baba mkwe wako."

Chini ya kanga tulisikia pumzi tu.

"Andika, karani!" Rozalia akapaza sauti kutoka nyuma. "Naye hajui! Ng'ombe sita, na hajui ameolewa wapi! Andika!"

Kicheko kilichopasuka safari hii kilikuwa cha namna nyingine, na kilikuwa na mwelekeo mwingine. Asukile alihisi. Uso wake ulibadilika, akasogea hatua mbili mpaka kwa mkewe, akasema kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili, akisahau kwamba watu wote wanasikia:

"Sema! Mzee amekufa, hakusikii. Litaje tu, tuondoke. Sema, nimekuambia!"

Kicheko kikakatika. Nimeona wanaume wakifanya mengi kwa ajili ya ardhi. Nimewaona wakiapa uongo juu ya Kurani na juu ya Biblia, na mmoja akahamisha kaburi. Lakini kumwona mtu akimwamuru mkewe mbele ya kadamnasi amtukane baba aliyemzaa yeye mume, aliye na mwaka mmoja tu mchangani, kwa ekari tatu za pareto, hilo nililiona siku ile. Mzee mmoja Mbena aliyekuwa dirishani alitema mate nje, akasema, "Hiki ni kitu gani?"

Lea alisema neno moja tu kutoka chini ya kanga.

"Siwezi."

"Lea!"

"Nimesema siwezi. Nipige hapa hapa, wakuone."

Hakumpiga. Hakimu aligonga meza, akasema haraka, macho yake yakiwa kwenye kitabu, kwamba baraza limeridhika kuwa Tusekile ni mkamwana wa marehemu, na shamba ni lake na wanawe. Hakusema samahani. Hakutaja vikao viwili vilivyopita, wala majuma matano, wala mvua. Rozalia alimtaka karani ayafute yale aliyoyaandika mwanzo. Matano akajibu, kwa Kiswahili chake kizuri, kwamba kitabu cha baraza hakifutwi. Alikuwa hainui macho.

Nilitazamia furaha. Nilikuwa mjinga. Tusekile alitoka barazani kwa mwendo wa mtu anayewahi moto, hakusimama kupokea mikono ya watu, na mwanamke mmoja aliyepiga kigelegele alimnyamazisha kwa jicho. Saa nane mchana alikuwa shambani. Nilimfuata na jembe la kuazima, na nilipofungua mdomo kumpongeza alinikata.

"Unapongeza nini? Mahindi ya watu yako magotini. Mimi ninaanza leo. Nitapanda nini leo? Maharage, na viazi pale chini kama vitakubali. Mwezi wa saba nitaomba mahindi kwa Rozalia, mimi, mwenye ekari tatu. Wamenirudishia shamba langu, lakini mwaka wangu wameula. Lima huko."

Nililima huko. Udongo ulikuwa mzito, magugu yameshaota, na viganja vyangu, ambavyo vimezoea kalamu, vilipasuka kabla ya jua kuteremka.

Alasiri hiyo lori la Mbeya lilipita chini barabarani, na baiskeli ya Asukile ilikuwa imefungwa juu ya magunia. Kitambo baadaye tukamwona Lea akipanda kilima peke yake, na furushi kichwani. Akasimama ukingoni, pale pale alipokuwa akisimama mwenzake majuma yote yale. Alikuwa na alama nyekundu shavuni. Kumbe alipigwa baadaye, mahali pasipo na watu.

Tusekile hakuacha kulima. Alimwacha asimame muda mrefu, mpaka mimi nikaona vibaya.

"Ulikuwa unajua," hatimaye akasema, bila kuinua kichwa. "Kikao cha kwanza ulikuwa umekaa pale, unajua. Cha pili ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa najua, dada."

"Na mvua ilinyesha, unaiona."

"Niliiona."

"Ungesema neno moja tu siku ile, ningekuwa na mahindi."

Lea alitua furushi chini, akavua kanga ya juu, akaifunga kiunoni. Tusekile akalima matuta mawili mazima kabla ya kusema tena, na sauti yake ilikuwa bado na hasira, haikupungua hata kidogo.

"Bwana mgeni, mpe jembe hilo, wewe unalichezea. Na wewe, Lea, anzia kule kwenye mawe. Usije upande huu, sitaki kukuona leo."

Lea akalichukua jembe mkononi mwangu, akaenda kwenye mawe.